Kabla hujaandika "kukuziwa" kwenye daftari, soma hapa kwanza

Mwaka wa pili chuoni nilipeleka ripoti yangu ya kwanza ya kuhesabu ndege, asubuhi tatu mfululizo nimekaa kwenye mabwawa ya maji taka hapahapa Dar, nanuka mpaka konda wa daladala akaniambia broo wewe kaa dirishani, na kwenye jedwali nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: kukuziwa 14. Nilikuwa najisikia kweli siku hiyo. Dokta aliyekuwa ananisimamia akaangalia karatasi akauliza swali moja tu, mdomo rangi gani? Nikajibu bila wasiwasi, mwekundu, ncha ya njano. Ubavuni? Kuna mstari mweupe dokta. Akachukua penseli, akakata ile 14 taratibu kama mtu anayepiga mstari wa rula, akanirudishia karatasi bila neno. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi, nikafungua picha kwenye simu mpaka bando likaisha, ndo nikaelewa kwamba asubuhi tatu zote nilikuwa nahesabu ndege mwingine.

Sasa nyie wadogo zangu mnaoanza fildi mwaka huu, najua mtapewa ndege maji, kila mwaka wanaoanza wanapewa ndege maji sababu wanaonekana, hawajifichi msituni, na mabwawa yapo karibu na daladala. Nawaandikia niliyojifunza kwa huyu ndege mmoja. Sio kwamba ni wa maana kuliko wengine, ila ndo aliyenitia aibu, na baadae ndo aliyenifundisha kazi.

Tuanze na jina maana shida inaanzia hapo. Kukuziwa ni jina ambalo watu wanalipa ndege kadhaa wa ukoo mmoja, na mtaani ukiuliza utaambiwa bata mweusi, mwingine atakwambia kuku wa maji, na wote hawajakosea sana kwa namna yao, ila daftari la sayansi halitaki namna yao. Kwa hiyo kwenye daftari andika jina la kisayansi kila mara, hata kama unajiona unajisumbua. Wa kwetu huku Afrika anaitwa Fulica cristata, alipewa jina hilo 1789, na ni mmoja kati ya ndugu kama kumi hivi duniani wanaofanana sana. Ni mweusi ti, mweusi wa masizi ya sufuria la mkaa, mdomo mweupe kama chaki, na ule weupe haukomei kwenye mdomo, unapanda mpaka kwenye paji la uso kama mtu kabandikwa plasta. Macho mekundu. Wakati wa kuzaana juu ya paji vinavimba vinundu viwili rangi ya damu ya mzee, msimu ukiisha vinanywea mpaka kwa mbali huvioni. Chini ya mkia hana weupe wowote.

Yule niliyemhesabu mimi ni Gallinula chloropus. Naye mweusi mweusi, ila mgongo una ukahawia, mdomo na paji ni vyekundu na ncha ya njano, ubavuni ana mstari mweupe kama mstari wa suruali ya trakisuti, na chini ya mkia ana weupe ambao haachi kukuonyesha maana kila akipiga hatua anatingisha mkia. Ukiona mkia unatingishwa hivo ujue sio kukuziwa wa Fulica. Afu kuna mdogo wao mweusi mwenye mdomo wa njano na miguu myekundu ya kung'aa, huyo anapitapita kwenye matete kama mtu anayekwepa anayemdai, na kuna yule mkubwa wa bluu ya zambarau mwenye mdomo mwekundu mnene, huyo hata mtoto hamkosei. Na kibisi pia atamponza mtu hapa, kadogo, kanazama ghafla, mkiwa mbali na jua linawapiga usoni mtaandika chochote.

Ila jambo ambalo lingeniokoa siku ile ni dogo zaidi ya rangi zote hizo. Fulica cristata kwa Tanzania ni ndege wa maziwa ya juu kwenye baridi, Momela kule Arusha, Ngorongoro ndani ya kreta, huko zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Pwani kwetu na joto letu hili sio kwake. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani jiulize, huku ninakoenda anatakiwa kuwepo nani? Mimi sikujiuliza, nilikuwa nimeona picha ya kwanza kwenye intaneti nikaipenda, basi kila mweusi akawa yeye. Ndege wanatangatanga sana, siwezi kusema hatatua Dar hata siku moja, lakini ukimuona Dar usishangilie, piga picha hata kama ni mbaya, andika saa, andika mdomo rangi gani, ndo ulete.

Na hii tabia ya kuandika ulichoona badala ya jina tupu ndo kitu kikubwa ninachotaka kuwaachia. Kama ningeandika "ndege 14 weusi, mdomo mwekundu ncha njano, mstari mweupe ubavuni, wanatingisha mkia", jina lingekuwa limekosewa lakini data ingekuwa salama, mtu yeyote angesahihisha hata baada ya miaka kumi. Nilichoandika mimi ni jina tupu, na jina tupu likikosewa hamna cha kuokoa. Bahati yangu dokta aliniuliza wakati bado nakumbuka.

Nilimuona kukuziwa halisi mara ya kwanza Momela, tumeenda na wenzangu fildi ya wiki mbili, mimi mtoto wa Temeke nimebeba fulana tatu tu na sweta la kuazima, asubuhi saa kumi na mbili na nusu natetemeka mpaka darubini inacheza. Na wao wapo palepale majini karibu na ukingo, kama hawana habari na baridi. Mmoja akapanda kwenye lundo la majani yaliyooza, akasimama mguu mmoja, ule mwingine akaunyoosha nyuma kama anajinyoosha usingizi, na hapo nikaona kidole.

Naomba mkae na hiki kidole kidogo. Bata ana ngozi inayounganisha vidole, mnajua, kama mwavuli. Kuku hana kitu. Kukuziwa yupo katikati kwa namna yake, kila kidole kina vipande vya ngozi pembeni, vipana, vimekatika kwenye kila kiungo, ukikitazama unaona kama majani yaliyopangwa kwenye kijiti. Akisukuma maji nyuma vile vipande vinafunguka vinakuwa kasia, akirudisha mguu mbele vinajikunja maji yanapita. Na sababu vidole havijaunganishwa, akitoka nchi kavu anatembea vizuri tu, anakula nyasi ukingoni kama mbuzi, hapepesuki kama bata. Kibisi naye ana vidole vya aina hiyohiyo, na wala sio ndugu yake wa karibu, kila mmoja kavipata kwa njia yake, maji yamewalazimisha wafanane. Siku hiyo niliichora ile miguu mara nne kwenye daftari, michoro mibaya sana, lakini mpaka leo naweza kuichora bila kuangalia. Choreni. Simu inapiga picha, ila mkono unaochora unalazimisha jicho lihesabu viungo.

Kuruka sasa. Kukuziwa haruki kama njiwa. Anakimbia juu ya maji kwanza, mbio ndefu, miguu inapiga maji chwa chwa chwa na mabawa yanapiga, mwili ni mzito kwa mabawa yale, na mara nyingi ukimtisha kidogo anakimbia hivo mita kadhaa afu anaghairi anakaa tena majini. Kwa hiyo mtu ataandika "haruki vizuri, ni mkazi wa hapahapa" na atakuwa amejidanganya, maana akiamua kuhama anasafiri mbali na anasafiri usiku, jioni unawaacha mia asubuhi bwawa jeupe. Tena kuna kipindi baada ya kuzaana anapukutisha manyoya yote makubwa ya mabawa kwa mpigo, wiki kadhaa hawezi kuruka kabisa, hapo wanajikusanya makundi makubwa kwenye maji ya wazi. Ukikuta kundi la hivo usilisogelee na mtumbwi kwa ajili ya picha ya kupost. Nimeona mtu akifanya hivo, nilikasirika mpaka leo nikikumbuka.

Kuhesabu kwenyewe ndo kuna mtihani. Kundi la kwanza nililohesabu Momela nilipata 60. Nikarudia, 83. Nikarudia tena, 71. Nikahisi nina wazimu, nikamwangalia mwenzangu naye kaandika 77. Kumbe ndege wanazama, wakati unahesabu kushoto wa kulia wapo chini wanang'oa majani, wanaibuka ukishawapita. Tulichofundishwa ni hivi, chagua alama mbili zisizosogea, mti na jiwe mfano, hesabu kati ya hizo alama tu, kutoka kushoto kwenda kulia bila kurudi nyuma, tulia dakika chache, rudia, mara tatu, andika zote tatu. Usiandike wastani ukatupa zile tatu, andika zote. Kundi likiwa kubwa sana hesabu kumi, ijue kumi inakaa ukubwa gani kwenye jicho lako, afu pima kundi kwa makumi. Jua liwe mgongoni. Na nendeni mapema, ikifika saa nne upepo unaanza, maji yanakunjamana, mdomo mweupe na mng'ao wa wimbi vinafanana kabisa.

Anachozamia ni majani. Chakula chake kikubwa ni mimea inayoota ndani ya maji, hasa ile laini laini kama nyuzi, anaibuka na fungu limening'inia mdomoni anatikisa kichwa anameza, huku na huku anaokota konokono na wadudu, hasa anapolea watoto. Kule Ulaya bata wengine wamejanjaruka wanamsubiri tu juu aibuke na mzigo wampokonye, kama wale jamaa wanaosubiri abiria ashuke na mabegi pale stendi. Sasa sababu chakula ni majani, idadi ya ndege inafuata majani. Mfano wa kuujua ni ziwa Naivasha, Kenya. Mwaka 1970 waliingiza kamba wa maji baridi mwenye asili ya Marekani kwa ajili ya biashara, yule kamba mwekundu anakula kila kitu, baada ya miaka ile mimea ya chini ya maji ikapungua sana, ikawa inarudi inapotea inarudi, na kukuziwa nao wakawa wengi ajabu mwaka huu na wachache mwaka mwingine, kufuatana na mimea. Mtu aliyehesabu ndege peke yake bila kuangalia chini ya maji angebaki anajiuliza wamewindwa au wamepewa sumu. Kwa hiyo kwenye daftari lenu acheni safu moja ya maji yenyewe, yako wazi au yamejaa magugu, yananuka, yana rangi gani, yamepanda au yameshuka tangu juzi. Dakika mbili tu. Wengi wanairuka hiyo safu, halafu mwezi wa kuandika ripoti wanakuja kuniuliza mimi.

Ugomvi wao sasa, jamani. Huyu ndege ni mkorofi sijapata kuona. Wawili mume na mke wana eneo lao, na mume na mke wanafanana kwa sura, jirani akivuka mpaka usioonekana anafuatwa shingo imelazwa kwenye maji kama nyoka, na wasipoelewana wanakaa kwa makalio, wanaegemea mkia na mabawa, wanapigana mateke. Mateke kweli, miguu yote miwili kifuani kwa mwenzake, kucha zinafanya kazi, na wake zao wanakuja kusaidia. Niliwahi kutumia asubuhi nzima kuchora mipaka ya familia tano kwa kuangalia tu nani kamfukuza nani wapi, na ule mchoro ndo kitu cha kwanza dokta alichowahi kukisifia, alisema "hii sawa", basi, nikalala usingizi mzuri.

Kiota ni lundo la matete na majani linaloelea au limeegemea mimea, mayai matano mpaka saba hivi na wengine zaidi, rangi ya mchanga yenye vidoadoa vyeusi, wanalalia wote wawili kwa zamu kama wiki tatu. Kuna ndugu yao mmoja anaishi juu kwenye milima ya Andes kule Amerika ya Kusini, huyo anabeba mawe kwa mdomo moja moja anajenga kilima ndani ya ziwa mpaka kitokeze, halafu ndo anaweka kiota juu, na lundo lenyewe linaweza kupita tani moja. Nikisikia fundi wa hapa anadai wiki ya tatu kwa ukuta wa choo namkumbuka huyo ndege.

Lakini watoto ndo habari. Wazazi weusi kabisa, ungetegemea vifaranga nao wawe weusi wajifiche, kumbe wanatoka na kichwa chekundu chenye upara na manyoya ya rangi ya chungwa shingoni, wanaonekana kutoka ng'ambo ya bwawa. Kwa nini? Kuna mtafiti anaitwa Bruce Lyon, yeye na wenzake walikaa miaka mingi kwenye mabwawa ya British Columbia kule Canada na kukuziwa wa Marekani. Walichofanya, na matokeo wakayatoa 1994, walichukua mkasi wakapunguza zile ncha za chungwa kwa nusu ya vifaranga wa kiota, nusu wakawaacha. Wazazi wakawalisha zaidi wale wenye rangi, wakakua haraka, wakapona wengi zaidi, wale waliokatwa wakadumaa. Mpaka hapo mtu mvivu angefunga daftari aandike "rangi inafanya mtoto apendwe". Ila mtu makini anauliza, je kama ule mkasi ndo umewadhuru, labda wamepata baridi, labda wamekuwa dhaifu? Ndo maana walikuwa na viota vingine ambavyo watoto wote walikatwa zile ncha. Kama mkasi una madhara hao wote wangedhoofu. Hawakudhoofu, waliishi kama kawaida. Kwa hiyo tatizo halikuwa kukosa rangi, lilikuwa kukosa rangi huku ndugu yako anayo.

Mimi nilisoma hilo jaribio nikiwa mwaka wa tatu, nimekaa kwenye foleni ya mwendokasi Kimara, nikarudia kusoma mara tatu mpaka basi likaondoka bila mimi. Sababu mpaka siku hiyo neno kontroli, yaani kundi la kulinganishia, lilikuwa ni neno la mtihani tu, unalikariri unaliandika unapata maksi mbili. Hapo ndo nikaona linafanya nini. Mkipanga jaribio lolote, hata la kuweka majani kwenye beseni, jiulizeni kile kitendo chenyewe cha kugusa kingeweza kuleta haya matokeo? Kama ndio, basi mnahitaji kundi ambalo limeguswa vilevile.

Na wazazi hao sio wapole. Mtoto anayelialia sana kuomba anashikwa kichwa anatikiswa, vifaranga wengi wanakufa siku za mwanzo na wengi ni kwa njaa, baadae kila mzazi anajichagulia kipenzi chake. Majike pia wanatagiana kwenye viota vya wenzao, anaenda kwa jirani anaacha yai anarudi kwake. Jirani naye sio mjinga, Lyon alionyesha 2003 kwamba baadhi ya majike wanayatambua mayai ya kigeni kwa rangi na madoa, wanayafukia kwenye majani ya kiota, na wanahesabu ya kwao peke yao kujua waache kutaga lini. Anahesabu, ndege huyu! Na 2010 yeye na mwenzake Shizuka wakaonyesha kwamba mzazi anajifunza sura ya watoto wake kutoka kwa wale wanaoanguliwa siku ya kwanza, kawaida hao ni wa kwake kweli, wakija wasiofanana nao anawashambulia. Watafiti wakihakikisha siku ya kwanza anakutana na watoto wa jirani, mambo yanageuka, anawalinda hao. Haya yote yamepatikana kwa ndege ambaye kwao ni wa kawaida kama kunguru kwetu, hakuna mtu aliyepanda helikopta. Mtu alikaa kwenye maji.

Ila kwenu nyie nasema hivi, viota msiguse. Lyon ana vibali na miaka. Sisi Dar tuna kunguru, na kunguru anakutazama. Ukisukuma matete ukainama kuangalia mayai, yeye yuko juu ya nguzo anasoma, ukiondoka anashuka. Nilishapoteza kiota kimoja cha wale wa mdomo mwekundu namna hiyo, mayai sita, nilirudi baada ya nusu saa kuchukua kofia niliyoisahau nikakuta maganda. Kenge nao wapo. Angalieni kwa mbali, mkiona mzazi amekaa muda mrefu sehemu moja imetosha, andikeni "amelalia, mayai sijaona".

Mnachoweza kuandika mkiwa mbali ni kiota kimejengwa na nini. Huko Amsterdam ndugu yao wa Ulaya, Fulica atra, wanajenga kwenye mifereji katikati ya mji, na takataka ndo zimekuwa matete yao. Mtafiti mmoja, Auke-Florian Hiemstra, alichambua kiota kimoja tabaka kwa tabaka kama mtu anayechimba magofu ya Kilwa, akasoma tarehe za mwisho za matumizi kwenye pakiti, juu barakoa za wakati wa korona, chini zaidi pakiti za miaka ya nyuma, mpaka akafika kwenye ganda la chokoleti lenye tangazo la Kombe la Dunia la 1994. Kazi hiyo imetoka 2025. Na sababu ni rahisi, kiota cha majani kinaoza kila mwaka inabidi ujenge upya, cha plastiki hakiozi kwa hiyo wanakirudia. Sasa nikipita pale Jangwani baada ya masika nikaona Msimbazi ilivyotapika chupa na malapa, huwa nawaza viota vyetu vina nini ndani. Mifuko ya plastiki tulipiga marufuku 1 Juni 2019, kwa hiyo kwa anayechambua kiota cha Dar hata mfuko tu ungekuwa na tarehe ya aina yake. Mmoja wenu aifanye hiyo, kwa viota vilivyokwisha kuachwa, ni mradi mzuri na wa bei rahisi.

Mengine haraka haraka. Penseli, sio kalamu, mvua ya vuli itakufutia mwezi mzima. Gambuti lazima, maji yaliyotuama yana konokono wa kichocho, usijifanye mzoefu kuingia na kandambili, na mabwawa ya maji taka hata mkono usiutie. Darubini ya 8x42 inatosha, usikope hela kununua kubwa. Barua ya chuo tembea nayo imekunjwa kwenye nailoni, na ukifika mtaa mpya anzia ofisi ya serikali ya mtaa, kijana mwenye darubini ukutani kwa watu anaonekana mwizi, na maeneo ya jeshi usielekeze hata simu, hamna ndege wa thamani hiyo. Kila Januari kuna zoezi la kimataifa la kuhesabu ndege maji, lipo tangu 1967, ombeni kushiriki hata kama kazi yenu ni kushika daftari tu.

Na msalimie mlinzi. Kwenye yale mabwawa yangu ya kwanza alikuwepo mzee mmoja, kiti cha plastiki, redio, kikombe cha kahawa chungu. Siku mbili za kwanza nilimpita na barua yangu. Siku ya tatu nikasema shikamoo vizuri, nikakaa, akaniambia marahaba mwanangu, wale weusi unaowaangalia upande wa pili wana watoto watano, juzi walikuwa sita, kenge kachukua mmoja saa nane mchana. Mimi nilikuwa nimeandika watoto sifuri. Nilikuwa naondoka saa nne kila siku, na vifaranga walikuwa wanatolewa kwenye matete mchana jua likiwa kali na watu wameondoka. Nikamuuliza mzee hawa mnawaitaje, akafikiria kidogo, akapunguza sauti ya redio. "Sisi hapa tunawaita wapangaji. Bwawa likikauka wanahama usiku, masika wanarudi, na kodi hawajawahi kulipa."

Nikaliandika na hilo, kwenye safu ya jina.